Dada Sindano na Ukuta wa Gereji

Jengo lile halikuzaliwa gereji. Lilijengwa kuwa ghala la pamba, ndiyo maana kuta zake ni nene na madirisha yake yako juu kabisa, karibu na mabati, mahali ambapo mwizi hafiki. Pamba ilipohamia kwingine, jengo likakaa bure likilea popo, mpaka alipotokea bwana mmoja mwenye mabasi akalinunua. Bwana huyo alikuwa na uvivu wenye akili, ule unaotafuta njia ya kufanya kazi mara moja badala ya mara mbili. Aliona jengo limelala katikati ya mitaa miwili: mbele barabara kubwa ya maduka, nyuma mtaa wa maseremala. Akatoboa mlango mpana mbele, akatoboa mwingine nyuma, akachimba shimo refu sakafuni ili fundi asimame chini ya gari badala ya kulala chali kama mgonjwa. Basi likawa linaingia kwa mbele, linatengenezwa, linatokea nyuma. Hakuna kurudi kinyumenyume, hakuna kutukanana na wasukuma mikokoteni.

Humo ndani, chini ya paa, akajenga ghorofa ya mbao iliyokatiza katikati ya jengo kutoka ukuta hadi ukuta, iwe mahali pa kushonea viti vya mabasi. Na huko juu ndiko alikozaliwa yule ambaye mtaa mzima humwita Dada Sindano.

Mama yake alikuwa mshona viti, na mimba haikumwondoa kazini. Uchungu ulimshika akiwa na uzi mdomoni. Wanawake wa maduka ya jirani walipanda ngazi mbio, wakamlaza juu ya kiti kirefu cha nyuma ya basi, kile ambacho watoto hukigombania, na mtoto akatoka kabla mkunga hajafika. Baba yake, aliyekuwa chini ya gari, alisikia kilio, akainuka kwa pupa, akajigonga kichwa kwenye ekseli.

“Siku hiyo tulilia wote wawili,” alizoea kusema, akionyesha kovu.

Baba huyo aliingia pale kuosha mabasi. Kwa kuuliza sana na kulala kidogo akawa fundi, kisha akawa mkuu wa mafundi. Mwenye mabasi alipozeeka na mabasi yake yakazeeka naye, alimuuzia jengo akaenda kuishi kwa binti yake, mbali. Ndipo pakawa gereji ya familia. Kaka mkubwa alifundishwa injini mpaka watu wakasahau jina lake, wakamwita Injini. Kaka wa pili alikuwa na mkono wa kunyoosha bodi na kupaka rangi. Gari lililogongwa likitoka kwake, hata mwenyewe hulipita akidhani si lake. Huyo wakamwita Rangi. Na kitinda mimba, mama yao alipofariki, akarithi cherehani ya chuma, mkasi mkubwa na ile ghorofa ya mbao.

Wakaishi vizuri, kadiri watu wa nyumba moja na kazi moja wanavyoweza kuishi vizuri. Kisha Baba akaugua.

Aliugua ugonjwa wa taratibu, ule unaomchukua mtu kipande kipande. Rangi aliacha brashi zake akakaa nyumbani. Ndiye aliyemgeuza, aliyemnawisha, aliyemlisha uji kwa kijiko. Injini alibaki gereji, akiingia alfajiri na kutoka magharibi, kwa maana dawa hazijileti zenyewe. Sindano alikuwa anakwenda na kurudi, nusu huku nusu kule. Mmoja alimshika baba, mwingine akaishika gereji, na kila mmoja moyoni akaona amebebeshwa mzigo peke yake. Baba alipofariki, mizigo hiyo haikutuliwa. Waliendelea nayo kichwani, kimya, mpaka siku ya pikapu ya muuza maziwa.

Siku hiyo Injini alikuwa ameifungua injini yote ya pikapu, vyuma vimeoshwa vikang'aa, vimepangwa juu ya magazeti. Upande wa nyuma Rangi alikuwa akipiga msasa mlango wa teksi. Upepo ukaingia kwa mlango wa nyuma, ukabeba vumbi la msasa, ukalimwaga juu ya vile vyuma. Injini hakuona. Alifunga kila kitu, akawasha, na injini ikaunguruma kidogo kisha ikaanza kusaga kama mtu anayetafuna changarawe.

“Nimekwambia mara ngapi ufunge mlango ukipiga msasa?” akapiga kelele.

“Nikifunga nitapumua nini?” Rangi akajibu. “Au unataka nife humu na vumbi langu?”

Yangeishia hapo. Lakini muuza maziwa alikuwa amesimama pale anatazama, na aibu mbele ya mteja humtoa mtu maneno ambayo hakupanga.

“Baba alijua huna kitu kichwani,” Injini akasema. “Ndiyo maana alikupa brashi badala ya spana.”

Rangi aliweka msasa chini polepole.

“Wewe ndiye unayemtaja Baba? Alipokuwa kitandani, mkono gani ulimnawisha? Uliwahi kuingia mle chumbani ukakaa? Ulikuwa unasimama mlangoni kama mgeni aliyekuja kuulizia njia.”

Sindano alisikia yote kutoka juu, cherehani imesimama katikati ya mshono. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na siku hiyo kaka zake walijikwaa wote wawili, tena mbele ya watu.

Wajomba walikuja kusuluhisha. Majirani waliwaonya: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, hayakuhusu. Wajomba hawakusikia, wakazungumza mpaka wakachoka, wakaondoka na makubaliano pekee waliyoweza kuyapata, nayo yalikuwa mabaya: jengo ligawanywe. Mbele kwa Injini, nyuma kwa Rangi. Mwashi akaja na matofali ya saruji, akajenga ukuta katikati, akalikata lile shimo vipande viwili, akapanda nao mpaka chini ya mbao za ghorofa. Hapo akasimama.

“Nikitoboa hizi mbao, ghorofa itawaangukia nyote,” alisema. “Huko juu gawaneni wenyewe.”

Huko juu hakukugawanywa. Kukabaki chumba kimoja kirefu, nusu yake juu ya Injini na nusu juu ya Rangi, na Sindano katikati na cherehani yake. Ngazi za mbao zilikuwa upande wa mbele. Rangi, asiyetaka kumwonea wivu mtu, alichomelea ngazi ya chuma upande wake, akakata tundu sakafuni, na dada yao akawa na njia mbili za kushukia na mabwana wawili wa kumwita.

Hasara ilionekana upesi. Mabasi yaliacha kuja, kwa sababu hakuna nusu iliyotosha kumeza basi. Mwenye gari lililohitaji injini na rangi alilazimika kutoka kwa mbele, kuzunguka mtaa mzima na kuingia kwa nyuma. Watu wakasema pale gari husafirishwa kabla halijapona. Halafu bomba la maji lilikuwa kwa Rangi, na swichi kuu ya umeme ilikuwa kwa Injini. Injini hakuwa na tone la kutia kwenye rejeta mpaka mpira wa maji upandishwe kwa Sindano na kushushwa upande wa pili. Na kila alipochomelea, ilibidi kompresa ya Rangi izimwe kwanza, la sivyo fyuzi zote hukatika. Basi Sindano akawa ndiye mtu wa kuinamia tundu hili na kusema “Zima!”, kisha kuinamia ngazi ile na kusema “Haya, washa!”

Hayo yalikuwa mepesi. Mazito yalikuwa maneno.

“Mwambie huyo mpaka rangi,” Injini angesema bila kuinua kichwa, “kompresa yake inatikisa ukuta wangu kama kuna mazishi ya tembo.”

Sindano angekwenda upande wa pili, angeshuka vidato viwili vitatu, angesema: “Kaka anaomba uipumzishe kompresa kidogo. Kichwa kinamuuma.”

“Kichwa? Kile kina nini ndani cha kuuma?”

Naye angerudi kwa Injini: “Amekupa pole ya kichwa.”

Alikuwa fundi wa hilo kuliko hata wa viti. Neno kali liliingia kwake likatoka limetiwa sponji na kushonewa ngozi laini. Alidhani anatibu. Hakujua kwamba Injini, kila alipopewa pole, alijiambia: mdogo wangu ameanza kunyenyekea, nikae tu, atakuja. Na Rangi, kila alipoombwa kwa adabu, alijiambia: mkubwa ameona kosa lake, nikae tu, atakuja. Wakakaa. Ndevu zikaanza mvi, na hakuna aliyekuja.

Wachumba nao walikuja wakaenda. Mmoja alikuwa na duka la vioo, mtu mpole. Mwingine alimwandama mpaka sokoni. Sindano alipima, akatazama sakafu, akasikia mguno wa huku na kikohozi cha kule, akasema hapana. “Nikiondoka leo,” alimwambia shangazi yake, “kesho watauana.”

“Waache wauane, nitawazika mimi,” shangazi akajibu. Huyo alikuwa dada wa Baba, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiojua kupita kando. “Wewe utazikwa na nani? Na cherehani?”

Sindano alicheka, akabadili mazungumzo.

Ndipo alipokuja dereva.

Alikuwa anaendesha basi dogo la abiria, mtu mzito wa mwili na wa maneno, mkewe alikuwa amefariki zamani na watoto wake wameshaota mbawa. Alipanda ngazi za mbao akiwa amebeba kiti kimoja kichwani, akavua kofia kabla hajasalimia. Kiti kilikuwa kimepasuka na waya umetokeza. Sindano alikishona. Wiki iliyofuata akaleta kingine. Kisha kingine. Kila mara angekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akisubiri, akimsimulia habari za abiria: mwanamke aliyepanda na mlango mzima mgongoni, mzee aliyelala akapita kituo chake, akaamka akamlaumu dereva kwa kuendesha vizuri mno.

“Kwa nini usivilete vyote mara moja?” Sindano akamuuliza siku moja.

“Nikivileta vyote mara moja, nitakuja tena na sababu gani?”

Sindano aliinamisha kichwa kwenye mshono, na mshono huo ulikwenda upogo akalazimika kuufumua.

Dereva hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Kiti cha mwisho kikiwa bado hakijaisha, alimwambia wazi kwamba angependa kumwoa, kama na yeye anapenda.

“Napenda,” Sindano akasema, na hapo hapo Injini akaita kutoka chini, “Sindano! Mwambie huyo mpaka rangi anaziba njia ya hewa!” Sindano akanyoosha kidole sakafuni. “Lakini hawa, je?”

“Hawa wana mvi.”

“Hawasemezani. Mimi ndiye ninayewaunganisha.”

Dereva aliizungusha kofia yake mikononi. “Mimi ni mgeni, nisamehe,” akasema. “Lakini nimekaa kwenye ndoo hii siku nyingi nikisikiliza. Wakitaka maji, wanakuita. Wakitaka kutukanana, wanakuita, nawe unawatukania kwa heshima. Sasa waongee wao kwa wao kwa shida gani? Mwenye mlango habomoi ukuta. Na mlango wao ni wewe.”

Sindano alihisi uso unawaka. Alimwambia achukue kiti chake aende, na kama anataka kufundisha watu mambo ya ndugu akafungue shule. Dereva hakubishana. Alikibeba kiti kichwani, waya ukiwa bado umetokeza, akashuka ngazi kidato kwa kidato.

Alipoondoka, Sindano hakuweza kushona. Alikasirika mpaka jioni, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba hakupata neno la kumpinga. Alikumbuka miaka ya pole zisizotolewa na samahani zisizoombwa, zote kazi ya mdomo wake.

Asubuhi alipiga moyo konde, akashuka ngazi za mbao.

“Kaka,” akamwambia Injini, “kuanzia leo sibebi neno. La kwenda wala la kurudi. Ukiwa na jambo na ndugu yako, ana masikio.”

Akapanda, akavuka chumba, akashuka ngazi ya chuma, akamwambia Rangi vilevile. Wote wawili walicheka. Rangi akamuuliza kama amelala vibaya.

Saa hazikupita nyingi, Injini akaanza kuchomelea. Hakuna aliyesema “Zima!” Umeme ukakatika jengo zima, na kwa Rangi, aliyekuwa katikati ya kupuliza rangi mlango wa gari la harusi, bunduki ya rangi ikakohoa ikatema matone kama ndui. Rangi akapiga yowe. Injini akasema kwa sauti, akiutazama ukuta, kwamba kuna watu hawajui kuzima mashine. Upande wa pili mtu akayaambia matofali kwamba kuna watu hawajui kutoa taarifa. Juu yao, cherehani ya Sindano, ile ya kukanyaga isiyohitaji umeme, iliendelea kwenda tiki-tiki-tiki.

Siku iliyofuata maji yakamwishia Injini. Alipiga mluzi, akaita “Sindano!” mara kadhaa. Tiki-tiki-tiki. Alivumilia mpaka adhuhuri. Gari la mteja lilikuwa limechemka na mteja mwenyewe amechemka zaidi. Mwishowe Injini akachukua nyundo, akaugonga ukuta.

Kutoka ng'ambo: “Nini?”

“Maji!”

“Maji gani?”

“Maji! Ya kunywa simba! Maji ya rejeta, wewe!”

“Sema tafadhali.”

Mteja akakohoa.

“Tafadhali,” Injini akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mpira wa maji, uliokuwa bado umelazwa sakafuni kwa Sindano, ukatetemeka, maji yakaja. Sindano alikuwa ameuma kipande cha kitambaa ili asicheke, na machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakujua ni ya kicheko peke yake au la. Hilo lilikuwa neno la kwanza kupita pale bila yeye tangu ukuta ujengwe.

Hawakupatana kwa hilo, tusidanganyane. Waliongea kazi tu, tena kwa ukali. “Nachomelea!” “Subiri nimalize mlango!” “Utamaliza lini?” “Ukinyamaza!” Lakini Sindano aligundua kwamba hakuna aliyekufa.

Basi akajifunga khanga, akaenda stendi ya mabasi. Aliuliza madereva, wakamwonyesha. Alimkuta amejilaza kwenye usukani akingoja abiria wajae.

“Kiti chako hakijaisha,” Sindano akasema dirishani.

Dereva aliinuka, akavua kofia. “Najua. Abiria wananung'unika. Waya unawachoma.”

“Basi kilete.” Akakaza khanga yake. “Na ulete na wazee wako.”

Habari ilipofika gereji, kila kaka alifurahi kivyake, kisha likazuka swali: wageni watapokelewa wapi? Injini akasema kwake, yeye ni mkubwa. Rangi akasema mguu wake haukanyagi upande ule, apende asipende mtu. Shangazi akaitwa, akafika, akatazama ukuta juu mpaka chini, akatema mate pembeni.

“Watapokelewa kwangu,” Sindano akasema. “Nilizaliwa kule juu, na nitaposwa kule juu. Anayetaka kuwapo apande kwa njia yake.”

Siku yenyewe alifagia mabaki ya nyuzi, akapanga viti vya magari ya watu kuzunguka chumba, vya basi, vya teksi, na kimoja cha lori kwa ajili ya shangazi. Dereva alikuja na mjomba wake, mzee mwenye fimbo, na dada yake mkubwa. Injini alipanda ngazi za mbao amevaa koti lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Wageni walishangaa kidogo pale kichwa cha Rangi kilipochomoza kutoka sakafuni, shingo ikifuata, kisha mabega, shati jeupe safi isipokuwa alama moja ya rangi ya bluu kwenye ukosi. Akasalimia, akaketi mwisho kabisa wa chumba. Injini alikuwa ameketi mwisho wa huku. Shangazi akajiweka katikati.

Mjomba wa dereva alianza kwa utulivu. Akaeleza walikotoka na walichofuata, kisha akasema:

“Lakini kabla ya kuyatoa maneno yetu, tungependa kuonyeshwa. Hapa aliye mahali pa baba ni nani, ili tuyaweke mbele yake?”

Macho yote yakaenda kwa Injini. Yeye alikuwa anaitazama mikono yake, ile mistari myeusi ya oili ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa.

“Kwa kuzaliwa, ni mimi,” Injini akasema.

Shangazi akakohoa kumhimiza.

“Lakini baba yetu alipougua,” akaendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko watu walivyoizoea, “mimi nilikuwa hapa chini. Sikuweza kumtazama vile alivyokuwa. Mtu aliyenibeba mabegani… nilifika mlangoni, miguu ikakataa. Aliyemlisha, aliyemnawisha, aliyekuwa naye mpaka pumzi ya mwisho ni mdogo wangu yule pale. Yeye ndiye akae mahali pa baba. Ongeeni naye. Atakalosema, na mimi nimelisema.”

Rangi alitoa kitambaa mfukoni, kile cha kufutia brashi, akajifunika uso nacho, mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Shangazi alimpa nafasi. Lakini hakumpa nyingi.

“Haya, sema basi,” akamwambia. “Watu hawakuja kutazama mvua.”

“Zile dawa,” Rangi akasema ndani ya kitambaa. Akakiondoa, alikuwa amejipaka bluu puani. “Zile dawa za Baba zilitoka hapa chini. Zilitoka kwenye mikono ya kaka. Mimi nilishika kijiko tu. Nilimwambia maneno mabaya mbele ya watu, na ukweli huo nilikuwa naujua.” Akajifuta, akageukia wageni, akajikaza kama mtu mzima. “Sasa hili la dada yetu. Sisi hatuna la kumwamulia. Tumemchelewesha vya kutosha. Muulizeni mwenyewe. Akikubali, tumekubali.”

“Nimekubali,” Sindano akasema, kabla mtu hajamuuliza, na chumba kizima kikacheka, dereva akiwa wa mwisho kwa sababu alikuwa bado anavuta pumzi.

Wageni walipoaga, Rangi hakurudi kwenye tundu lake. Aliwasindikiza kwa ngazi za mbao, akasimama katikati ya vyuma vya kaka yake, mikono nyuma, akitazama huku na huku kama mtu aliyerudi shule aliyosoma.

“Bado unatumia ile jeki ya Baba?” akauliza.

“Inavuja,” Injini akasema.

“Ilete nitaichomelea.”

“Utaichomelea kwa umeme gani? Utanikatia fyuzi.”

Wakatazamana, na Sindano, aliyekuwa kwenye kidato cha juu, akaona ni afadhali arudi ndani.

Kuubomoa ukuta hakukuwa rahisi kama kusema. Mwashi yule yule aliitwa, sasa akiwa mzee, akapapasa mbao za ghorofa akatikisa kichwa. Miaka yote hiyo sakafu ya juu ilikuwa imeuzoea ukuta, imeulalia. Ukiondolewa wote, chumba cha Sindano kitashuka na kila kilichomo. Kwa hiyo wakaacha kipande huku na kipande kule kama nguzo, wakaweka chuma kizito juu yake, wakafungua katikati upana wa basi. Walibishana juu ya upana huo siku mbili, wakipima kwa kamba, kila mmoja akisema kamba ya mwenzake inavutika. Shimo likaunganishwa tena. Lile vumbi la msasa, lililoanzisha kila kitu, Sindano alilipatia dawa mwenyewe: alishona pazia refu la turubai, akalitia mnyororo kwenye pindo ili upepo usilipeperushe, na Rangi akiwa na msasa hulivuta likaziba uwazi wote. Wangeweza kulishona tangu mwanzo. Hakuna aliyelisema hilo.

Harusi ilikuwa ndogo. Sindano alihamia kwa mumewe, vyumba viwili mitaa michache kutoka pale, na kila asubuhi hurudi kwenye cherehani yake. Mabasi yalianza kuja tena, moja moja, kisha kwa foleni, na viti vyake vikawa vingi kuliko alivyoweza kushona, ikabidi amfundishe binti wa muuza maziwa.

Jambo moja lilimpata ambalo hakulitarajia. Siku za mwanzo, alipokuwa akisikia sauti ya Injini ikipanda, alijikuta amesimama, sindano mkononi, tayari kwenda. Kisha angesikia Rangi akijibu mwenyewe, bila sponji, bila ngozi laini, na Injini akijibu tena, na hakuna jina lake mahali popote. Angekaa chini polepole. Siku moja walifokeana juu ya beringi mpaka akashika meza kwa mikono yote miwili. Halafu mmoja akasema jambo ambalo hakulisikia vizuri, wakaangua kicheko wote wawili, kicheko kirefu cha kujishika mbavu, na yeye akabaki juu bila kujua kilichochekesha.

Jioni hiyo alimwambia mumewe.

“Leo hawakuniita hata mara moja.”

Dereva alikuwa anavua viatu. “Ukaumia?”

Sindano alifikiri. “Kidogo,” akasema.

“Na viti vya watu?”

“Nimemaliza vya basi zima.”

Mumewe akamsogezea kiti cha pembeni ya dirisha, akaketi na yeye, akaanza kumsimulia habari ya abiria mmoja aliyepanda asubuhi na mbuzi, akakataa katakata kwamba mbuzi ni wake.